Mkono Ambao Mchoraji Mjerumani Hakuumaliza

Buffalo, mwezi wa kumi

Kaka yangu Zabuloni,

Amani iwe hapo kwako Kasulu, juu yako wewe na wifi na watoto wote wanaolala chini ya bati lenu. Goti la wifi limepoa? Na yule wa mwisho aliyekuwa akikohoa wakati wa vumbi, kifua chake sasa kikoje? Nimesikia kwamba Warundi wamefika tena kambini kwa wingi, na kwamba unakwenda huko Jumapili kutafuta sura unazozifahamu. Ukimpata yeyote wa upande wa mama, nijulishe.

Sisi huku tupo. Shemeji yako Melkiori bado yuko kwenye kile kiwanda cha milango, shifti ya mchana. Wapwa zako wanakua. Nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, nikiwasemesha Kirundi wanacheka. Baridi imeanza, theluji bado.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu mchungaji wetu anakwenda Kigoma kumuuguza mama yake, na amekubali kufika mpaka kwako. Kwenye simu tungekatikakatika, na swali lako linataka nafasi. Uliniuliza kama huku watu bado wanachorwa sura zao, kwa kuwa hapo Kasulu vinyozi siku hizi wanabandika mabango ya plastiki yaliyochapwa Mwanza, hawakuiti tena wewe na brashi zako. Nami nikaona nikusimulie habari za mchoraji mmoja Mjerumani, aliyekufa kabla babu yetu hajazaliwa, na za vitukuu wake wawili walionifikisha Louisville mwaka huu.

Unajua kwamba niliacha kufungasha maboksi ghalani nikaanza kutunza wazee majumbani mwao. Mzee niliyepewa na ofisi yetu ya utunzaji alikuwa mama mmoja wa North Buffalo, anaitwa Bi Hedi. Amepita miaka themanini. Alikuwa mwalimu wa piano, hakuolewa, na hana mtoto. Kila asubuhi nilipanda basi kutoka Black Rock tunakoishi, nikamwogesha, nikampikia uji wa shayiri, nikampa dawa, nikamshika mkono akazunguka nyumba. Si mtu wa kusifia. Miezi ya kwanza alinisemesha kama mtu anavyousemesha mlango: fungua, funga, taratibu.

Sebule yake imejaa sura za watu. Ni picha za rangi za mafuta, wanaume wenye ndevu na wanawake wenye kola nyeupe, na popote unaposimama wanakutazama. Mwanzoni sikuzipenda. Nikipangusa vumbi nilikuwa nazipa mgongo. Siku moja Bi Hedi akasema, "Judi, hawang'ati." Ndivyo anavyoniita, Judi. Nikamwuliza ni akina nani. Akasema hata yeye wengi wao hawajui, anachojua ni aliyewachora. Ni baba wa babu yake.

Kuanzia siku hiyo alinisimulia habari zake kidogo kidogo, hasa wakati wa kumkata kucha, kwa sababu hapo hana pa kwenda. Yule mchoraji alizaliwa katika mji mdogo karibu na mto Rhine, mtoto wa fundi viatu. Alisoma uchoraji Düsseldorf, ambako wanafunzi walichora sanamu za plasta mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kumchora mtu anayepumua. Halafu akapanda meli. Wakati ule Wajerumani walikuwa wanahama kwa wingi, wengine kwa njaa, wengine kwa siasa, na wengi walifuata mto Ohio mpaka wakafika Louisville, wakajenga makanisa yao na kupika bia yao na kusoma magazeti ya lugha yao. "Walikuwa kama ninyi," Bi Hedi aliniambia. Nikaendelea kukata. Nilikuwa kwenye kidole gumba.

Alichora wachinja nyama, wapika bia, madaktari, na wake zao. Najua utataka kujua alivyofanya kazi, kwa hiyo niliuliza kwa niaba yako. Alianza kwa kukijaza kitambaa chote rangi ya kahawia. Sura aliijenga kwa rangi nyepesi, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka alilisubiri likauke. Kwenye kivuli cha shavu aliweka kijani kidogo, hutakiona mpaka usogee karibu kabisa, lakini ukirudi nyuma shavu linakuwa na damu. Nguo na viti alivichora mteja akiwa hayupo. Mteja alikuja kwa ajili ya sura tu. Aliyetaka na mikono ionekane alilipa zaidi, ndiyo maana wanaume wengi pale ukutani wameficha mkono ndani ya koti. Nilicheka niliposikia hivyo, kwa sababu wewe mwenyewe watu wako wa kinyozi wote wanaanzia shingoni kwenda juu.

Kisha kamera zikaingia. Wateja wakapungua, kwa sababu picha ya kamera ilimalizika mtu akiwa bado amesimama. Yule Mjerumani hakuacha kazi wala hakulalamika, au kama alilalamika hakuna aliyekumbuka. Alikwenda kwa mpiga picha wa mtaa wake, akawa anazipaka rangi picha za kamera. Wakati ule zilikuwa nyeusi na nyeupe tu. Aliweka waridi kidogo mashavuni, dhahabu kidogo kwenye pete. Watoto wake walikula kwa kazi hiyo. Bi Hedi alilisema hilo kama jambo la aibu. Mimi sikuona aibu yoyote, lakini si familia yangu.

Sasa nikuambie habari ya picha moja ambayo haikuwa Buffalo.

Yule mchoraji alimchora mke wake. Alimaliza sura, akamaliza gauni, akamaliza mkono wa kulia. Mkono wa kushoto aliuacha mistari mitupu, kwa sababu mkewe alishikwa na homa ya uzazi akafariki. Hakurudi tena kwenye picha ile. Aliitundika vilevile, akaishi nayo mpaka uzee, na watoto wake nao wakaitundika vilevile. Wazazi wa Bi Hedi walipofariki, nyumba ya Louisville na ile picha vilibaki kwa mdogo wake anayeitwa Klara. Bi Hedi alichukua zile nyingine akaja nazo Buffalo, ambako alikuwa amepata kazi ya shule.

Miaka mingi iliyopita Klara alimpigia simu kumwambia kwamba amepata fundi, na fundi amemalizia ule mkono. Bi Hedi alikata simu. Tangu hapo hakuipokea simu ya mdogo wake hata mara moja.

"Mahali pale palikuwa wazi kwa sababu ya msiba," aliniambia. "Vizazi vitatu hakuna aliyethubutu kupagusa. Dada yangu akampa brashi mtu wa barabarani."

"Uliuona huo mkono, Bibi?"

"Sina haja ya kuuona."

Nikaendelea na kazi yangu. Si juu yangu kuwapatanisha Wazungu.

Mwezi wa tano simu ililia nami nikaipokea. Alikuwa Rut, binti wa Klara, mama mtu mzima, mwalimu wa shule huko Louisville. Alijitambulisha kwa upole sana, kama mtu anayetarajia kukatiwa. Akasema mama yake amekuwa mtu wa kusahau, anaacha jiko linawaka, anatoka nje bila viatu, na amepata nafasi katika nyumba ya wazee. Nyumba yao itauzwa. "Ile picha," akasema, "mama mkubwa akiitaka, aje aichukue. Naogopa kuituma kwa posta." Kwa Kiingereza hakusema mama mkubwa, lakini wewe unaelewa ni nani.

Nikampa Bi Hedi ujumbe. Alikaa siku kadhaa bila kulitaja jambo lile. Halafu, wakati namfunga vifungo vya sweta, akauliza, "Judi, unaweza kuendesha gari mpaka Louisville?" Daktari alikuwa amemkataza ndege kwa ajili ya mapafu. Gari lake lilikuwa kwenye gereji ya nyumbani kwake, kuukuu lakini zima. Akaniambia pia kwamba ameshampigia fundi wa kutengeneza picha za kale huko Louisville, na kwamba fundi huyo ataufuta ule mkono ili pabaki kama palivyoachwa. Alisema "ataufuta" kama mtu anayezungumzia uchafu.

Melkiori hakufurahi.

"Unampeleka bibi wa miaka themanini safari ya siku mbili kwa ajili ya mkono wa kwenye picha?"

"Ni kazi."

"Akizidiwa njiani watauliza nani alikuwa naye."

"Watauliza, na mimi ndiye niliyekuwa naye. Nani mwingine? Ofisi imekubali."

Jioni nilimkuta amepiga magoti kwenye gereji ya Bi Hedi anapima upepo wa matairi, na kwenye buti ameweka blanketi letu nene na maji.

Tulifuata ziwa upande wa kulia, kisha tukaliacha tukashuka kusini. Bi Hedi hapendi redio. Alikaa na mkoba wake mapajani, akisoma majina ya miji kwa sauti kila tulipopita kibao. Mara mbili tulisimama ili anyooshe miguu. Mara ya pili akaniuliza kama nina ndugu. Nikamwambia ninaye kaka, naye ni mchoraji. Akanigeukia. "Mwaka wote huu hukuniambia." Nikamwambia hakuniuliza.

Columbus tulilala kwa shangazi Domitila. Bi Hedi alikuwa ameshalipia hoteli, lakini shangazi alipojua tutapita alinipigia akasema, "Mtoto wa kaka yangu alale hotelini Columbus, na mimi niko hai?" Nikamfikishia Bi Hedi, nikitegemea akatae. Akasema hoteli zote zinanuka zulia, twende.

Shangazi anaishi mtaa wa Linden, nyumba ya kupanga, ghorofa ya chini, na jirani yake bado ni yule Mkongo anayemletea mboga. Amenenepa kidogo na meno yake yanamsumbua, vinginevyo ni yuleyule. Alipika maharage na ndizi na mboga ya lengalenga, akampa Bi Hedi kiti chenye mto. Hajui Kiingereza cha kutosha, kwa hiyo mimi nilikuwa katikati.

"Muulize, huyo mdogo wake ni wa baba mmoja mama mmoja?"

Nikauliza. Ndiyo, baba mmoja mama mmoja.

"Na hawajaonana miaka yote hiyo kwa ajili ya picha?"

Ndiyo.

Shangazi akakoroga maharage yake. "Mwambie sisi tulitenganishwa na bunduki. Habari ya kutenganishwa na picha ndiyo kwanza naisikia."

Nikatafuta namna ya kulizunguka. Bi Hedi akaweka kijiko chini. "Amesema nini? Usinipunguzie."

Basi nikamtafsiria lote kama lilivyo. Aliitazama sahani yake. Mwisho akasema, "Mwambie amesema kweli. Mwambie pia maharage ni mazuri." Akala yakaisha. Shangazi akamwongezea bila kuuliza.

Tulifika Louisville siku ya pili mchana. Joto la huko linakubana, si kama la Buffalo. Nyumba ni ya matofali mekundu, nyembamba mbele na ndefu kwenda nyuma, na barazani palikuwa na maboksi. Rut alitoka akasimama kwenye ngazi. Hakujua kama amkumbatie mama yake mkubwa au ampe mkono, na Bi Hedi hakumsaidia. Mwishowe akamshika kiwiko, tukaingia.

Ndani kila kitu kilikuwa kimefungwa isipokuwa kiti kimoja na picha moja. Rut alinieleza kwa sauti ya chini kwamba mama yake hataki ishushwe. Klara mwenyewe alikuwa kwenye kile kiti, bibi mfupi mwembamba, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, chini ya picha.

Kaka, nakuchorea kwa maneno kwa kuwa sina namna nyingine. Ni mwanamke kijana, nywele zimegawanywa katikati, gauni jeusi, macho ya kijivu. Sura yake inakufanya ushushe sauti. Mkono wa kulia umelala juu ya mkono wa kiti, na mishipa yake unaiona, na ngozi imelegea kidogo kwenye vifundo kama ya mtu anayefua. Huo ni wa yule Mjerumani. Wa kushoto umelala mapajani, na hata mimi nisiyejua niliona kwamba ni wa mtu mwingine. Rangi yake ni ya sabuni ya kuogea. Vidole ni vinene, havina mifupa ndani. Lakini kidole cha mwisho kimepinda kwenda nje kama ndoano, na kifundo chake kimevimba.

Mkono ule niliufahamu. Nimeuosha kila asubuhi kwa muda mrefu, na kidole kile huwa nakipitishia taulo polepole kwa sababu kinamuuma.

Nikageuka kumtazama Bi Hedi. Alikuwa ameshautia mkono wake wa kushoto mfukoni.

Rut akaanza kusema upesi upesi. Kwamba fundi alimwuliza mama yake mkono uweje, naye hakutaka kuweka wake. Kwamba alimpa fundi picha ya kamera, ile ambayo Bi Hedi amekaa mbele ya piano, kijana, kidole kikiwa kimeshapinda tangu utotoni, amepumzisha mkono mapajani. Kwamba mama alisema, akimalizwa huyu bibi, amalizwe na mtu anayejua kutumia mikono.

"Kwa nini hakuniambia?" Bi Hedi akauliza.

"Alikupigia akuambie. Alipofika kwenye fundi ukakata."

Klara alikuwa anatutazama mmoja mmoja, kwa adabu, kama mwenye nyumba anayengoja wageni waseme shida yao. Akamwuliza binti yake, "Hawa ni akina nani?"

Bi Hedi akasogea mbele. "Klara. Mimi ni Hedi."

"Hapana," Klara akasema, bila ukali wowote. "Hedi yuko Buffalo. Hapokei simu." Kisha akasogea pembeni kwenye kile kiti ili mgeni apate mahali pa kukaa. Kiti hakikuwatosha wawili. Nikaleta boksi lenye vitabu, Bi Hedi akakaa juu yake, na hivyo ndivyo walivyokaa mpaka jioni. Klara alimweleza habari za jirani aliyefariki zamani kana kwamba amekutana naye jana. Bi Hedi aliitikia. Mimi na Rut tulifunga vyombo vya jikoni kwenye magazeti.

Nilidhani safari ya kwa fundi imekufa. Asubuhi iliyofuata Bi Hedi aliamka, akavaa koti lake, akasema, "Ishusheni." Rut akaniangalia. Nikainua mabega. Klara alikuwa bado amelala, kwa hiyo tuliishusha, tukaifunga kwa shuka, tukaiweka kiti cha nyuma cha gari.

Yule fundi wa picha za kale ni mwanamke wa umri wangu, karakana yake iko nyuma ya duka la samani. Aliilaza picha mezani, akavaa miwani ya kukuza, akaipitishia taa kwa upande. Alikaa nayo kwa muda mrefu. Akasema sura ni kazi nzuri sana, ya mtu aliyefundishwa, na kwamba mkono wa kushoto uliongezwa kwa rangi ya namna nyingine ambayo haikushikana na ya chini. Alichovya pamba kwenye dawa akagusa pembe ndogo tu ya ule mkono, karibu na kitambaa cha gauni. Rangi ya sabuni ikatoka kwenye pamba. Chini yake ukaonekana mstari mmoja wa kahawia, mwembamba, umepigwa kwa haraka.

"Ni wake," fundi akasema. "Michoro yake yote ipo huku chini, haikuharibiwa. Naweza kuutoa mkono wote na utaiona kama alivyoiacha."

Bi Hedi aliinama karibu na meza. Alilitazama lile jambo alilolililia miaka yote, mstari wa mkono wa baba wa babu yake siku ambayo mkewe alikuwa bado hai. Niliona machozi, lakini alikuwa na macho ya machozi hata siku za kawaida, siwezi kukuapia. Akasema, "Judi, wewe ungefanya nini?"

"Mimi sijui picha, Bibi."

"Sikukuuliza kuhusu picha."

Nikamwambia nilichokiona. Asubuhi ile, kabla hajaamka yeye, nilimkuta Klara amesimama na gauni la kulalia mbele ya picha, amekiweka kidole chake juu ya kile kidole kilichopinda. Alikuwa anakisugua, kama mtu anavyomsugua mtoto aliyeumia. Halafu akarudi kulala. Nilikuwa sijamwambia mtu.

Bi Hedi akanyooka taratibu. Akamwambia fundi asafishe moshi tu, na arudishe rangi pale alipogusa.

"Na mkono?"

"Uache. Umechorwa vibaya, sivyo?"

"Vibaya sana," fundi akasema.

"Vibaya sana," Bi Hedi akakubali. "Uache."

Kaka, sitakudanganya kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Klara alipoamka akaona ukuta mtupu, alilia siku nzima, na tulipomweleza alisahau tulichomweleza. Picha ilipotoka kwa fundi ilipelekwa moja kwa moja kwenye chumba chake kipya katika nyumba ya wazee, na kwa kuwa ilikuwa safi zaidi, mwanzoni aliikataa, akasema siyo yenyewe. Bi Hedi alisema tukae wiki moja zaidi. Kisha ikawa nyingine. Mwisho aliniita akaniambia kwamba atabaki Louisville, kwenye chumba cha chini nyumbani kwa Rut, na kila siku atapelekwa kwa dada yake. Nyumba ya North Buffalo ataiuza. Zile sura nyingine atazifuata Rut.

Nilirudi kwa basi. Shangazi Domitila alinifungia chakula nilipobadilisha gari Columbus, akauliza, "Walipatana?" Nikamwambia mmoja amemsamehe mwenzake, na mwenzake hajui kwamba amekuja. Akafikiri, akasema hiyo nayo ipo.

Melkiori alinipokea stendi. "Kwa hiyo umeichukua kazi yako ukaipeleka Louisville," akasema, "ukaiacha huko." Hakuwa amekosea. Nilikaa muda mrefu ofisi ikinipa shifti moja hapa na moja pale. Sasa nimepewa mzee mmoja hapa hapa Black Rock, fundi wa reli wa zamani. Hana picha ukutani, ana televisheni. Ni mtu mzuri. Naenda kwa miguu.

Mchungaji atakukabidhi brashi zilizofungwa kwa kitambaa cha bluu. Ni za yule fundi wa Louisville, nilimwambia habari zako, akanipa za kwake alizokuwa hazitumii tena. Ni za nywele za mnyama, usiziache ndani ya mafuta ya taa. Kuhusu swali lako, huku wachache sana wanachorwa, na wengi wao ni matajiri au wamekufa. Kamera imeshinda hapa zamani kuliko huko. Zaidi ya hayo sijui. Wewe ndiye unayeijua kazi yako na mahali ulipo.

Wiki iliyopita Bi Hedi alinipigia. Si kawaida yake, simu huwa anaipokea tu, tena kwa kununa. Alitaka kuniambia jambo lililotokea Jumapili. Walikuwa wamekaa chini ya picha, na Klara, ambaye mpaka leo anamchukua kuwa jirani, aliushika mkono wake wa kushoto akaugeuza juu na chini. Akasema, "Una mkono kama wa dada yangu."

Bi Hedi akamwuliza dada yake yuko wapi.

"Alinikasirikia," Klara akasema. "Siku akija, tafadhali usimwambie kwamba nilimchora bila kumwomba."

"Ukamjibu nini, Bibi?" nikamwuliza.

"Nilimwambia sitamwambia."

Nisalimie wifi, na umwambie dawa ya goti asiinywe kabla ya kula. Wasalimie wanao wote, kila mmoja kwa jina lake. Msalimie mama mkwe wako anayeuza mawese sokoni, na yule mzee wa kanisa aliyenibatizia mtoto wa kwanza, na fundi cherehani wa mlango wa pili aliyenishonea gauni la safari. Mwambie bado nalivaa. Melkiori anakusalimia, na wapwa zako wanakusalimia kwa Kiingereza.

Mungu akutunze.

Mdogo wako,
Yuditi